Kikohozi cha Diwani

Jumamosi ile kinyozi alipita mbele ya supamaketi kubwa kwa sababu moja tu: upande ule wa barabara ulikuwa na kivuli. Alikuwa ametoka kununua meno mapya ya mashine yake ya kunyolea, naye alikuwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini, maana alimwacha mteja wa saa tano akisoma gazeti. Watu walijaa pale mlangoni, wengine wakiingia na vikapu vitupu, wengine wakitoka na mizigo mikononi. Katikati yao palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, vizimba sita vya paka, mbwa watatu waliofungwa kwenye nguzo, na bango lililosema kwamba kituo cha wanyama cha manispaa kinawatafutia wanyama wake nyumba.

"Kaka! Wewe mwenye koti jeupe!"

Kinyozi aligeuka. Mwanamke mmoja alikuwa akimjia mbio, amevaa ovaroli ya kijani na mabuti ya mpira, kilemba cha manjano kikimtoka kichwani, firimbi ikirukaruka kifuani. Kabla kinyozi hajafungua mdomo, kamba ya mbwa wa nne ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Nishikie huyu dakika moja. Paka wangu ameingia kwenye dari la duka la watu."

"Lakini dada, mimi ni mpita njia."

"Dakika moja tu! Haumi."

"Nani asiyeuma, mbwa au wewe?"

Swali lile halikujibiwa, kwa kuwa mwenye ovaroli alikuwa amekwisha kumezwa na umati.

Kinyozi alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama kinyozi. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mnene, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Alikaa na tumbo lake mbele, akawasikiliza wapita njia wote kwa makini, asifanye lolote. Kadi iliyofungwa shingoni mwake ilisema anaitwa Diwani, na kinyozi akaona kwamba aliyempa jina hilo ni mtu anayejua mambo.

Dakika moja ikawa kumi, kumi zikawa arobaini. Watu walipoona koti jeupe walidhani wamempata mtaalamu.

"Daktari, huyu paka mweusi ana tabia gani?" aliuliza mama mmoja.

Kinyozi alikuwa na miaka kumi na miwili ya kuzungumza na vichwa vya watu, na ulimi wake haukujua kukaa bure. Aliisoma kadi ya kizimba, kisha akasema, "Mama, mimi si daktari, lakini huyu naona si paka wa kelele. Huyu ni wa kukutazama tu unapokosea."

"Kama mama mkwe wangu!"

"Tofauti yake ni kwamba huyu hatapiga simu."

Mama yule alicheka hadi akashika meza, kisha akaandika jina lake kwenye daftari la kuomba wanyama. Wengine wakafuata. Mwenye ovaroli aliporudi, vumbi jeupe la dari usoni na paka kwapani, alikuta majina manne mapya.

"Nani amewaandikisha hawa?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari wa wanyama?"

"Mimi ni kinyozi, na nina mteja aliyemaliza gazeti lake zamani. Dakika yako ni ndefu sana, dada."

Mwanamke alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka tangu asubuhi na aliyesahau kwamba anaweza kucheka. Kinyozi alipokisikia, alijua kwamba mteja wake wa saa tano angemsubiri hata na saa sita.

Mwanamke yule ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Siku tatu baadaye kinyozi alikwenda kule mwenyewe, akiwa amevaa shati lake la mistari ya buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alisema amekuja kumwona Diwani.

"Una bahati mbaya," alisema msimamizi. "Diwani anakohoa. Nimemtenga. Anahitaji nyumba tulivu kwa wiki tatu, mbali na mbwa wengine, lakini walezi wangu wote wa muda wamejaa. Kwako kuna mnyama mwingine?"

"Yupo Shangazi tu."

"Ni mtulivu?"

"La. Lakini hajawahi kumwambukiza mbwa."

Msimamizi alijikaza asicheke, akamsukumia fomu. Alimweleza taratibu za ulezi wa muda neno kwa neno. Mnyama anabaki kuwa wa kituo. Mlezi anamtunza tu mpaka apone, kisha anamrudisha ili apate familia yake ya kudumu. Mwenye kikohozi haruhusiwi kukanyaga kituoni. Mlezi huja peke yake kila Jumamosi saa kumi alasiri, akajaza karatasi ya taarifa: amekula vipi, amelala vipi, amekohoa au hakukohoa. Siku mnyama anapomaliza wiki nzima bila kukohoa, ulezi umekwisha. Karatasi hizo zilitunzwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akijitolea kituoni, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye alizisahihisha kwa kalamu nyekundu kama vile mlezi angerudia darasa.

Kinyozi alilelewa na shangazi yake tangu utotoni, naye sasa ndiye aliyemtunza. Shangazi alipomwona Diwani akiingia mlangoni, aliweka kitambaa chake cha kufuma chini.

"Huyo analala wapi?"

"Barazani, Shangazi."

"Asiniguse sandali zangu. Asinitazame nikila. Na asidhani mimi nitamzoea."

Siku ya tatu kinyozi alirudi kutoka kazini akamkuta Shangazi amekaa mkekani, Diwani mbele yake, akimsimulia ugomvi wa majirani wa miaka sita iliyopita.

"Unazungumza naye?"

"Kwani ubaya uko wapi? Angalau huyu anasikiliza mpaka mwisho."

Kila jioni simu ililia.

"Anaendeleaje mgonjwa wangu?" msimamizi aliuliza.

"Mgonjwa amekula, amekohoa mara mbili, sasa anakoroma. Mwenye hali mbaya ni mlezi."

"Mlezi ana nini?"

"Ana upweke. Unamshika kuanzia Jumapili, unamwachia Ijumaa."

"Ugonjwa huo naujua. Dawa yake hutolewa Jumamosi saa kumi."

"Haina madhara?"

"Ina mazoea," alisema msimamizi, akakata simu kabla kicheko hakijamtoka.

Jumamosi hizo ziliwakuta wawili hao kwenye benchi nyuma ya stoo ya chakula, kila mmoja na kikombe chake cha chai, huku mbwa sitini wakibweka kama kwamba wanalipwa kwa kelele. Kinyozi aligundua kwamba chini ya kilemba cha manjano kulikuwa na nywele nzuri zilizokatwa vibaya, na alimwambia hivyo. Msimamizi alimjibu kwamba alizikata mwenyewe kwa mkasi wa kufungulia magunia. Kinyozi akashika kifua kama aliyepigwa mshale.

Ilikuwa kwenye benchi hilo ambapo msimamizi alimweleza kwa nini alizipenda karatasi za taarifa kuliko barua za wakubwa wake. Miaka miwili iliyopita mlezi mmoja, mtu mwema, aliona aibu kuandika kwamba mbwa aliyekabidhiwa hali chakula. Aliandika "hajambo" wiki tatu mfululizo. Mbwa yule alikufa.

"Mnyama hana mdomo wa kujieleza," alisema. "Mdomo wake ni karatasi ile. Kwa hiyo mimi naamini kila kilichoandikwa pale. Nisipoamini, kazi hii haifanyiki."

Kinyozi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Na hata hivyo, msomaji, sikiliza alichokifanya.

Siku ya kumi na moja Diwani aliacha kukohoa. Jumamosi ya tatu ilipofika, alikuwa na siku nane za uzima mtupu. Alikuwa akikimbia barazani na sandali ya kushoto ya Shangazi mdomoni. Kinyozi alikaa mbele ya karatasi, kalamu mkononi. Akiandika "amepona", leo hii Diwani anarudi kituoni, taarifa zinakwisha, na yeye hana tena sababu ya kulivaa shati la mistari. Kuomba kuja bila sababu kungekuwa kusema neno ambalo ulimi wake, hodari kwa kila kichwa cha mjini, uliliogopa. Akajituliza kwa hoja. Mlezi yule wa zamani alificha ugonjwa. Yeye angeficha uzima. Nani aliwahi kuumizwa na uzima uliofichwa?

Aliandika: "Bado anakohoa kidogo, hasa asubuhi."

Jumamosi ya nne aliandika vilevile. Jumamosi ya tano, kwa kuona haya kurudia maneno yaleyale mbele ya kalamu nyekundu ya Mwalimu, aliongeza: "Kikohozi ni kikavu."

Jumanne iliyofuata, simu ililia wakati kinyozi yuko katikati ya kichwa cha mteja. Aliibana begani.

"Nilitaka uzisikie habari hizi kutoka kwangu," alisema msimamizi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka. "Nimezungumza na daktari wa mifugo. Kikohozi kikavu cha wiki tano si cha kawaida. Huenda ni ugonjwa wa mapafu, na Diwani alikaa banda moja na mbwa wanane kabla sijamtenga. Nimefunga kituo siku kumi na nne. Haingii mnyama, hatoki mnyama."

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwa kinyozi, lakini haikuwa ikinyoa chochote.

"Na Siku ya Milango Wazi, ile ya watu kuja kuchagua wanyama?"

"Imeahirishwa. Tangu asubuhi nazipigia familia thelathini zilizojiandikisha. Zingine zimeshakata tamaa, zinasema zitatafuta mbwa kwingine." Alivuta pumzi. "Lakini wewe usijilaumu hata kidogo. Mwingine angeandika 'hajambo' ili asinisumbue. Wewe umeandika ukweli, na umeniokoa. Ahsante, mpenzi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Kinyozi alikuwa ameliota neno hilo kwa wiki tano, na sasa lilipofika lilimchoma kama maji ya moto.

"Haloo? Upo?"

"Nipo," alisema kwa shida. Simu ilikatika.

"Kinyozi," alisema mteja kwenye kioo, "ni mtindo mpya huu, au umeninyoa nusu?"

Alimnyoa nusu iliyobaki, akakataa malipo yake, akafunga duka saa nane mchana. Nyumbani alimkuta Shangazi akimsugua Diwani tumbo kwa mguu. Alimweleza yote.

Shangazi aliuondoa mguu wake tumboni mwa Diwani.

"Nani anakohoa humu ndani?" aliuliza. "Humu ndani nakohoa mimi, tena kwa vumbi la zulia ambalo hukulikung'uta tangu mwaka jana. Umemsingizia ugonjwa kiumbe asiyeweza hata kukukanusha?"

"Nilitaka tu nimwone, Shangazi."

"Si ungesema, 'Nataka kukuona'? Maneno mawili, hayo unayamaliza kwa mteja mmoja kabla hujamfunga kitambaa!" Akamtupia kamba ya mbwa. "Nenda. Leo. Na usije ukaunyoa ukweli huo ukaupa mtindo. Mpelekee na manyoya yake yote."

Lango la kituo lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na hewa yote ilinuka dawa ya kuua vijidudu. Ndani ya uzio watu wanaojitolea walikuwa wakisugua sakafu za mabanda. Msimamizi alikuwa kati yao, amepiga magoti, suruali ya ovaroli imelowa hadi mapajani. Alipomwona kinyozi alitabasamu kwa uchovu, kisha akamwona mbwa, akaruka.

"Usimsogeze! Rudi nyuma! Unamletaje mgonjwa hapa?"

"Haumwi," alisema kinyozi.

"Nini?"

"Diwani haumwi. Ana karibu wiki nne hajakohoa hata mara moja. Karatasi tatu za mwisho nilikuwa naandika uongo."

Mifagio ilisimama. Ndoo moja iliendelea kudondosha maji, na kila mtu aliisikia.

"Kwa nini?" aliuliza msimamizi. Hakupaza sauti, na kinyozi alitamani angepaza.

"Akipona, ningekosa sababu ya kuja Jumamosi."

Binti mmoja mwenye mfagio alicheka puani, na Mwalimu akamfinya. Msimamizi hakucheka. Alivua glavu moja, kisha ya pili, polepole, kama mtu anayejizuia asifanye jambo jingine kwa mikono yake.

"Nilikuambia habari za mbwa yule aliyekufa," alisema. "Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuambia wewe, pale kwenye benchi, na wiki iyo hiyo ukachukua kalamu?"

"Nilidhani kuficha uzima hakumdhuru mtu."

"Tazama nyuma yangu. Mbwa na paka themanini hawatoki kwa wiki mbili. Na nje ya hapo wapo wanaoletwa kila siku, nawageuza langoni. Wewe ulikuwa mdomo wa Diwani, ukasema maneno yako." Akanyoosha mkono kupitia nafasi ya lango. "Nipe kamba. Nitamtenga peke yake."

"Basi fungua kituo. Sasa unajua ni mzima."

"Najua nini? Juzi uliandika anaumwa, leo unasema ni mzima. Nikuamini wewe yupi? Daktari atawapima wote, mmoja mmoja, na lango litafungwa siku zote kumi na nne." Aligeuka. "Mwalimu, futa jina lake kwenye orodha ya walezi."

"Na kwenye simu yako?" aliuliza kinyozi kwa sauti ndogo.

"Hilo nitalifuta mwenyewe."

Diwani alimfuata bila kinyongo, sikio moja juu na jingine chini. Kinyozi alirudi nyumbani na mikono mitupu.

Alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Ya nne hakuipiga, kwa kuwa aliona haina haki ya kulia. Asubuhi ya Alhamisi alimsubiri Mwalimu kwenye mlango wa nyuma wa kituo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama umeleta barua ya mapenzi, nitaisahihisha kwanza."

"Nimekuja kuomba kazi. Yoyote. Isiyo na karatasi."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani yake. "Kuna mablanketi," alisema. "Huoshwa hapa nje, hayahitaji kuingia ndani. Yananuka kiasi kwamba hata uongo hauwezi kukaa humo."

Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka, kinyozi alifikicha, alisuuza na kukamua mablanketi ya mbwa kwenye makarai mawili ya bati. Viganja vilibabuka. Wateja wake walianza kusema kwamba mikono yake inanuka kama hospitali. Hakumwona msimamizi ila kwa mbali, kilemba cha manjano kikipita kati ya mabanda kama ua linalotembea, wala hakumwita.

Daktari alimaliza kupima. Wote walikuwa wazima, Diwani wa kwanza wao. Lango lilipofunguliwa, Siku ya Milango Wazi ilipangwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo, na kulikuwa na mbwa kumi na wawili ambao manyoya yao yalishikamana hadi hawakujulikana mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Mwalimu alikumbuka kwamba muosha mablanketi ana mashine. Kwa siku tatu kinyozi aliwanyoa, akizungumza nao kama anavyozungumza na wateja wake: "Inama kidogo, mzee. Pembeni tupunguze? Umefanya vizuri kuja mapema."

Siku ya pili aliinua macho akakuta kikombe cha chai, bado kinatoa mvuke, juu ya ukuta karibu naye. Aliangaza huku na huku kumtafuta mwenye kilemba.

"Usijisumbue," alisema Mwalimu akikichukua kikombe. "Hiki ni changu."

Jumamosi ilifika na jua zuri. Watoto walijaa, puto zilifungwa langoni, na wale mbwa kumi na wawili walitembezwa uwanjani wakiwa wamechongwa vichwa kwa ustadi. Mmoja, kwa bahati mbaya ya mashine, alikuwa na njia ya nywele kichwani kama mwanasiasa. Familia ishirini na mbili kati ya thelathini zilirudi. Msimamizi alivaa ovaroli mpya na kilemba cheupe, na firimbi haikumtoka mdomoni.

Asubuhi hiyo Shangazi alikuwa amemwambia kinyozi neno moja alipotoka: "Usirudi bila Diwani." Mkeka wa barazani ulikuwa mtupu kwa siku kumi na nane, na Shangazi alikuwa amerudia kuzungumza na redio. Kinyozi alijiandikisha kumwomba mbwa yule, lakini mbele yake kwenye orodha palikuwa na baba mmoja mwenye mabinti watatu. Baba alikuwa mbele ya banda la Diwani sasa hivi, akisita.

"Nilisikia huyu ndiye aliyewafungisha kituo," alimwambia msimamizi. "Nina watoto wadogo. Ni mzima kweli? Na nyumbani anaishi vipi?"

"Kwa afya, hii hapa karatasi ya daktari. Kwa nyumbani..." Msimamizi alifungua faili. Mlikuwa na karatasi tano, na tatu kati yake hazikufaa hata kufungia karanga. Alilifunga. Kisha akapaza sauti kuvuka uwanja.

"Kinyozi! Njoo hapa."

Lilikuwa neno la kwanza tangu Jumanne ile. Kinyozi alikuja akifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

"Mweleze mzee huyu habari za Diwani," alisema msimamizi bila kumtazama. "Zote."

Baba alisubiri. Mabinti watatu walisubiri. Kinyozi alijua, kama anavyojua kichwa kilipo, kwamba neno moja tu la mashaka lingetosha. "Wakati mwingine kifua..." na baba angekwenda banda la pili, na yeye angerudi nyumbani na mbwa wake, na Shangazi angeimba. Diwani alimtambua, akaanza kupiga mkia kwenye bati la banda, tang, tang, tang.

"Ni mzima," alisema kinyozi. "Alikohoa siku kumi, akapona, hajakohoa tena. Anakoroma kama lori. Anaiba viatu, lakini cha kushoto tu, wala hakitafuni, anakilalia. Anaogopa miavuli. Akishiba sana, fungueni dirisha."

Binti mdogo alicheka. "Anauma?"

"Hajawahi. Ukimsimulia jambo anakusikiliza mpaka mwisho, hata kama ni refu. Ukilia, anakuja kukaa juu ya miguu yako, na ni mzito." Aliinama akamtazama Diwani. "Hamtapata bora kuliko huyu."

Baba alitia sahihi hapo hapo. Diwani aliondoka kati ya mabinti watatu, tumbo mbele, akiwasikiliza wote kwa pamoja.

Msimamizi alimkuta kinyozi nyuma, kwenye makarai, akifua blanketi lililokwisha kuwa safi.

"Umempoteza," alisema.

"Nimempoteza."

"Ulihitaji neno moja tu."

"Nalijua. Nimeliandika mara tatu."

Msimamizi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi nipe taarifa nyingine. Ya mlezi. Sitaki iliyopigwa pasi."

Kinyozi aliacha blanketi. "Anakula. Halali vizuri tangu Jumanne ile. Anaropoka anapoogopa, na anapoogopa sana ndipo anaponyamaza. Anakupenda. Aliona haya kukuambia kwa mdomo wake, akamtuma mbwa akohoe."

Kicheko kilimponyoka msimamizi kabla hajakikamata, kikamtoa machozi, akayafuta kwa ncha ya kilemba.

"Na wewe?" aliuliza kinyozi.

"Mimi nina hasira za haraka. Nanuka dawa hata nikioga mara mbili. Na ile namba yako sikuifuta."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Ni kweli?"

Msimamizi alitazama mabuti yake. "Si kweli," alisema. "Nilikuwa naifungua kila jioni, naitazama, naifunga. Sikutaka kuifuta."

Kinyozi alipiga magoti pale kwenye maji ya sabuni. "Utakubali nikuoe?"

"Hilo," alisema msimamizi, akimwinua kwa kiwiko, "njoo uniulize mbele ya shahidi. Mbele ya Shangazi yako. Wewe nakupenda, lakini neno zito kama hilo silipokei bila mtu wa kulishika upande wa pili."

Kesho yake, Jumapili mchana, mlango uligongwa. Kinyozi alifungua akakuta mwanamke wa gauni la rangi ya zambarau, viatu vya kisigino kifupi, na nywele wazi, bado zimekatwa vibaya, zimechanwa kwa subira kubwa. Alisahau kumkaribisha.

"Shikamoo, Shangazi," alisema mgeni juu ya bega lake.

"Marahaba," Shangazi alijibu toka kwenye kiti chake, hakunyanyuka. "Wewe ndiye uliyempeleka mbwa wangu kwa watu?"

"Ndiye mimi. Nimewapigia leo asubuhi. Amelala juu ya viatu vya yule binti mdogo, na baba mtu amekosa usingizi kwa mikoromo."

Shangazi alikunja midomo, akaikunjua. "Wanamsimulia chochote?"

"Wanamsimulia kwa zamu."

"Basi kaa, mwanangu. Chai iko tayari."

Msimamizi alikaa. Kinyozi alibaki amesimama katikati ya chumba. Alikuwa amejiandalia hotuba tangu alfajiri, yenye mwanzo mzuri na mifano miwili, na sasa hakuona hata neno lake moja.

"Sema, baba," alisema Shangazi. "Mimi shahidi nazeeka."

"Nataka kukuoa," alisema kinyozi. "Sina la kuongeza."

"Usiongeze," alisema msimamizi. "Nimekubali."

Shangazi alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichowatoa majirani madirishani, kisha akainuka upesi kwenda jikoni kuleta vikombe, na alikaa huko muda mrefu kuliko vikombe vitatu vinavyohitaji.